Rangi za Kolo na Kurasa za Intaneti

Vijana wenzangu mnaoandika, kwetu Kolo kuna michoro ya miambani ambayo UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Waliotangulia walichora kwa rangi nyekundu. Waliokuja baadaye wakachora kwa nyeupe, pengine juu ya ile nyekundu, lakini ya chini bado unaiona.

Intaneti haina subira hiyo. Mwaka 1991 Mwingereza Tim Berners-Lee, akiwa CERN kule Uswisi, alitoa ukurasa wa kwanza: maneno matupu yaliyowekewa alama za HTML. Mwaka 1996 ikaja CSS ya kupamba kurasa. Mwaka huohuo ikaja Flash, na ngoma ikanoga: picha zikacheza, muziki ukalia. Mafundi kibao wakaikimbilia. Lakini Flash ilikuwa mali ya kampuni. iPhone ya 2007 haikuipokea, na tarehe 31 Desemba 2020 Adobe wakaitupa mkono. Kazi za miaka zikazimika.

Na ule ukurasa mkavu wa 1991? CERN waliurudisha mwaka 2013, na vivinjari vya leo vinausoma bila taabu, maana HTML ni lugha ya wote.

Mie naandika riwaya, nataka isomwe mtandaoni. Mafundi wananiambia kila mwaka kuna kipya cha kujifunza. Sawa, nitajifunza. Ila hadithi yenyewe naiweka kwa HTML tupu, na nakala daftarini. Je, ndugu msomaji, za kwako umezihifadhi wapi?