Tumbe: Mji Usio na Magofu

Tukiulizwa historia ya Waswahili inaanzia wapi, wengi wetu hutaja magofu: Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, Gedi, Songo Mnara. Si vibaya kuyataja, lakini jibu hilo linaanzia pale mawe yanapoanza, ilhali watu waliishi pwani karne nyingi kabla ya kujenga kwa mawe.

Tumbe, kaskazini mwa Pemba, ni ushahidi mzuri. Ukifika leo utaona kijiji na mashamba, basi. Magofu ya misikiti na makaburi yako jirani, Chwaka, na kwa muda mrefu macho ya wataalamu yalielekea huko. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walifuata njia nyingine. Katika utafiti wa kaskazini mwa Pemba, mashimo madogo yalichimbwa kwa mistari, hata mahali pasipoonekana kitu juu ya ardhi. Hatimaye ilibainika kwamba Tumbe palikuwa na makazi ya zaidi ya hekta 20, yaliyokaliwa kati ya mwaka 600 na 950 hivi.

Nyumba zake zilikuwa za miti na udongo. Wakazi walifinyanga vyungu, wakavua samaki, wakalima uwele. Mpunga ulikuja kushamiri Pemba baada ya mwaka 1000. Yamepatikana maelfu ya vigae vyenye mifereji, vilivyotumika kusugulia shanga za makombe. Vipo pia vipande vya mitungi iliyong'arishwa kwa rangi ya samawati, kutoka Ghuba ya Uajemi. Kumbe watu wa nyumba za udongo walikuwa tayari wakifanya biashara na ng'ambo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Zamani vitabu vilidai kwamba miji ya Waswahili ilianzishwa na wageni kutoka Uarabuni na Uajemi. Tumbe inaonyesha mji mkubwa wa wenyeji uliotangulia majengo ya mawe. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton naye alikuta mabaki ya misikiti ya miti chini ya msikiti wa mawe. Mawe yalikuja juu ya jamii iliyokwisha kuwapo.

Sisi tunaosoma karibu na Amherst tunao mfano wa jirani. Marian White wa Chuo Kikuu cha Buffalo, aliyefariki mwaka 1975, alichunguza vijiji vya wenyeji wa eneo la Niagara. Nyumba zao zilikuwa za nguzo na magome ya miti, na kijiji kizima kilihama baada ya miaka kadhaa. Hawakuacha kuta; waliacha vigae, majivu na alama za nguzo ardhini, na baadaye plau za wakulima zikapita juu yake.

Gofu huonekana, na kinachoonekana hupata mlinzi. Mji kama Tumbe unaweza kupotea kwa msingi wa nyumba moja au shimo la udongo wa matofali, bila mtu kujua. Wa kwanza kuviona vigae ni mkulima mwenye jembe. Basi tukienda nyumbani likizo, tuwaulize wazee wetu jembe limewaibulia nini. Tusichimbe wenyewe, habari tuzipeleke kwa wahusika wa mambo ya kale. Na tunapoandika insha zetu, tuanze na nyumba za udongo.