Prosesa mbili, mzigo mmoja: somo la mwaka 1976

Ukitoa hela kwenye ATM mjini Bukoba ukarudi zako Buhembe, huwazi kwamba kompyuta ya benki ingeweza kuzimika katikati ya muamala. Wapo walioliwaza hilo mapema. Mwaka 1974 James Treybig na wenzake walianzisha kampuni ya Tandem huko California. Mashine yao ya kwanza, Tandem/16, ilifika Citibank mwaka 1976.

Kabla ya hapo, kompyuta ya akiba mara nyingi ilikaa bure ikisubiri nyingine ife. Tandem waliunganisha kila diski na prosesa mbili: moja inaihudumia, ya pili inafuatilia, tayari kupokea. Diski ya kwanza ikihudumiwa na prosesa hii, ya pili inapewa ile. Zote zinapiga kazi.

Sasa piga hesabu, msomaji. Kila prosesa ikibeba asilimia 70, moja ikifa, iliyobaki inadaiwa 140. Haiwezi! Zikiwa mbili tu, kila moja isivuke 50. Zikiwa nyingi (Tandem/16 ilichukua hadi 16), warithi wa diski hutawanywa, kila mmoja apokee kidogo.

Basi ile nafasi inayoonekana kukaa bure ndiyo itakayobeba mzigo wa mwenzake siku akianguka.