Ping hadi grafu: Historia ya kumsaka anayechelewesha intaneti

Oktoba 1986, mtandao uliounganisha maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulikaribia kukata roho. Kati ya pande hizo mbili hapakufika mita 400. Kasi ya data, iliyokuwa biti 32,000 kwa sekunde, iliporomoka hadi biti 40. Kwa mwendo huo barua ya ukurasa mmoja ingechukua zaidi ya dakika sita kufika. Waya haukukatika. Data ilikuwa imesongamana njiani.

Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, aliuchunguza msongamano ule, na dawa aliyoipata ndiyo msingi wa namna kompyuta zinavyojizuia kutuma data kupita kiasi. Lakini mafundi wa mitandao wanamjua zaidi kwa programu ndogo aliyoiandika mwaka 1987: traceroute.

Kwanza: yupo au hayupo?

Kabla ya traceroute palikuwa na ping. Mwaka 1981 Jon Postel alichapisha kanuni za ICMP, lugha ambayo mashine za intaneti hutumia kupeana taarifa za hitilafu. Ndani yake mlikuwa na ujumbe wa mwangwi: mashine ikiupokea, inaurudisha kama ulivyokuja. Julai 1983, katika mkutano nchini Norway, Dave Mills alizungumzia kutumia mwangwi huo kupima muda wa safari. Mike Muuss, aliyefanya kazi katika maabara ya Jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, aliliweka wazo hilo moyoni. Desemba mwaka huohuo, mtandao wa kwao uliposumbua, akaandika programu yake kwa usiku mmoja na kuipa jina la mlio wa sonar ya nyambizi.

Ping ilijibu maswali mawili: je, seva ipo, na pakiti, yaani kifurushi cha data, imetumia milisekunde ngapi kwenda na kurudi. Haikuweza kusema muda huo ulipotelea wapi.

Hapo ndipo Jacobson, kwa wazo alilopewa na Steve Deering, alipotumia ujanja. Kila pakiti hubeba namba inayopungua kwa moja kila inapopita kwenye ruta, mashine inayoelekeza data njiani. Ikifika sifuri, ruta huitupa pakiti na kumtaarifu aliyeituma. Namba hiyo iliwekwa ili pakiti zilizopotea njia zisizunguke milele. Jacobson akaigeuza kuwa chombo cha upelelezi: tuma pakiti yenye namba 1, ruta ya kwanza itajitaja, tuma yenye 2, itajitaja ya pili, endelea hivyo mpaka seva. Kila kituo kikatoka gizani na muda wake.

Kumbukumbu inapoanza kuchorwa

Hata hivyo traceroute ilipiga picha moja tu ya njia. Tatizo la saa mbili usiku haliwezi kuonekana saa nne asubuhi. Mwaka 1997 Matt Kimball aliandika mtr, inayorudia upimaji wa vituo vyote mfululizo na kuhesabu pakiti zinazopotea. Mwaka uliofuata Pete Ness, Mmarekani, akatoa PingPlotter, iliyochora njia nzima kwenye skrini pamoja na historia ya kila kituo. Mteja wa kawaida akapata kitu cha kumwonyesha mtoa huduma wake.

Huko Uingereza, Tobias Oetiker alikuwa ameanza kuchora matumizi ya laini ya kilobiti 64 tu iliyotegemewa na Chuo Kikuu cha De Montfort, Leicester. Kazi hiyo ilizaa MRTG, kisha RRDtool mwaka 1999, na baadaye SmokePing. Hii ya mwisho hutuma ping kadhaa kwa mkupuo, kwa kawaida 20 kila dakika tano, na kuzichora zote. Mstari huonyesha jibu la katikati; kivuli cha kijivu huonyesha majibu yaliyotawanyika. Kivuli kikipanuka, mtandao unayumba, hata kama wastani unapendeza.

Nairobi hadi Nairobi kupitia ng'ambo

Afrika Mashariki ilikuwa na sababu yake ya kuzijali milisekunde. Hadi mwaka 2000, barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za Nairobi ilipanda setilaiti hadi Ulaya au Marekani, kisha ikarudi. Setilaiti hizo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka mara moja ni karibu robo sekunde. Swali na jibu vilipanda na kushuka mara nne, na sekunde nzima ikaisha angani.

Novemba 2000 kampuni za intaneti zikafungua KIXP, kituo cha kubadilishana data nchini Kenya. Telkom Kenya ililalamika kuwa haki yake ya ukiritimba imeingiliwa, na kituo kikafungwa baada ya majuma mawili. Kilifunguliwa tena Februari 2002, na ucheleweshaji wa ndani ukashuka hadi makumi ya milisekunde. Mwaka 2009 mikongo ya chini ya bahari ya TEAMS na SEACOM ikafika pwani.

Ruta isiyo na hatia

Grafu za kupima njia, kama za PingPlotter, zimewaponza wengi. Kituo cha katikati kikionyesha milisekunde 300, mtu hupiga simu kulalamika. Lakini ruta hutanguliza kusafirisha data. Kumjibu mpimaji ni kazi ya ziada. Kama vituo vinavyofuata vinajibu haraka, ruta ile ya katikati haina kosa. Ucheleweshaji wa kweli huanzia kituo fulani na kuendelea mpaka mwisho wa njia. Tena jibu linaweza kurudi kwa njia nyingine, ambayo traceroute haiioni.

Kwa hiyo msomaji mzuri wa grafu huanza na mstari wa mwisho, ule wa seva yenyewe, ndipo apande juu kituo kwa kituo. Na huanza kupima siku ambazo mtandao ni mzima, kwa sababu grafu iliyofunguliwa baada ya hitilafu kutokea haina cha kulinganishwa nacho.