Weupe wa Farasi na Jasho la Saisi

Katika chuo cha ualimu nifundishapo kuna nakala ya picha moja kubwa, iliyochorwa mwaka 1881 na mwanamke Mwingereza, Elizabeth Thompson, ambaye wengi humjua kwa jina la Lady Butler. Picha hiyo yaitwa Scotland Forever!, nayo yaonyesha wapanda farasi wa Scotland wakishambulia katika vita vya Waterloo, tarehe 18 Juni 1815. Farasi wote ni weupe au wa kijivu. Wanamjia mtazamaji uso kwa uso, midomo wazi, kwato juu, hata mtu hutamani kusogea kando.

Kila mwaka huwaonyesha wanafunzi wangu picha ile, nao huniuliza maswali yale yale: nani alishinda, walikufa wangapi, Napoleon alikuwa wapi. Lakini mwaka mmoja msichana aliyelelewa katika boma la ng'ombe aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, je, kule hakukuwa na mvua?" Nikamjibu kwamba mvua ilinyesha usiku kucha kabla ya vita, na mashamba yote yalikuwa tope. "Basi," akasema, "farasi hawa aliwaosha nani?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilirudi nyumbani nikiona haya kidogo, kwa kuwa nimefundisha historia miaka kadhaa, na jambo hilo halikunipitia akilini hata mara moja.

Yafaa kwanza tujue kwamba farasi mweupe, kwa kawaida, hakuzaliwa mweupe. Mtoto wake huzaliwa mweusi au wa hudhurungi, na manyoya yake hubadilika mwaka baada ya mwaka, kwanza kijivu chenye madoadoa, mwisho meupe kabisa, hali ngozi chini yake yabaki nyeusi. Mwaka 2008 wataalamu walioongozwa na watu wa chuo kikuu cha Uppsala, huko Sweden, walitangaza kwamba wameipata sehemu ya urithi inayoleta mabadiliko hayo. Kwa hiyo aliyetaka farasi mweupe alipaswa kungoja miaka. Na aliyetaka kundi zima la farasi weupe alipaswa kuwa tajiri, au mfalme.

Ndiyo sababu tangu kale weupe huo ulikuwa alama ya enzi. Herodotus, mwandishi wa Uyunani, asimulia kwamba watu wa Kilikia walitozwa na Dario, mfalme wa Uajemi, farasi weupe 360 kila mwaka, mmoja kwa kila siku. Huko Roma, mwaka 396 kabla ya Kristo, jemadari Camillus aliuteka mji wa Veii, akaingia Roma kwa shangwe katika gari lililovutwa na farasi weupe wanne. Livy aeleza kwamba raia walichukizwa, wakisema kuwa mwanadamu anajifanya sawa na miungu. Hata katika Unguja ya karne ya 19 matajiri walipenda kupanda punda weupe walioletwa kutoka Maskati, na mtu alitambulikana kwa mnyama aliyempanda kabla hajafika karibu na kusalimu.

Lakini enzi hiyo ilikaa juu ya mgongo wa mnyama ambaye hana habari nayo. Farasi hupenda kugaagaa. Tope likikauka mwilini humkinga na nzi, naye hulitafuta kwa furaha. Usiku hulala juu ya majani ya bandani, na majani hayo yamelowa mkojo na mavi yake mwenyewe. Akiwa wa hudhurungi, asubuhi hupigwa brashi kidogo na mambo yakaisha. Akiwa mweupe, huamka na ubavu wa manjano, magoti ya kijani, na mkia kama ufagio uliosahauliwa mvuani. Doa la mkojo ni baya kuliko yote, kwa sababu huingia ndani ya unywele wenyewe, wala halitoki kwa kupangusa tu.

Hapo ndipo alipoitwa saisi. Kazi yake ilianza kabla ya jua. Kwanza aliondoa majani machafu bandani, maana doa lililozuiliwa usiku ni nusu ya kazi ya asubuhi. Kisha alisokota majani makavu mkononi, akampiga na kumsugua farasi mpaka vumbi litoke na damu ichangamke. Ndipo akaja na brashi, akifuata manyoya yalivyolala. Madoa yaliyokaidi yaliwekewa sabuni na maji ya vuguvugu. Yakiwa bado yaonekana na gwaride limekaribia, yalifunikwa kwa unga wa chaki. Mkia ulisuuzwa katika maji yenye bluu kidogo, bluu ile ile ya kufulia mashuka na shati za shule. Sababu yake ni moja kwa nguo na kwa farasi: bluu huifuta manjano machoni, na kitu kikaonekana cheupe kuliko kilivyo. Bali saisi akizidisha, farasi alitoka na mkia wa samawati, na sidhani kwamba bwana wake alicheka.

Tusidhani kwamba kusugua huko kulikuwa urembo mtupu. Uchafu uliokaa chini ya tandiko huchubua ngozi, na farasi mwenye kidonda mgongoni hana faida kwa mtu yeyote. Lakini kuosha nako kuna mpaka wake, na watu waliujua mapema. Xenophon, askari na mwandishi wa Uyunani katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kitabu kizima juu ya farasi. Humo amwagiza mtunzaji aanze kichwani na shingoni, kwa kuwa ni bure kusafisha chini wakati juu ni kuchafu. Mgongo ausugue kwa mikono, si kwa chombo. Na miguu asiioshe kila siku, kwa sababu maji ya kila siku huziharibu kwato. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi. Ni maneno ya mtu aliyesimama bandani mwenyewe. Ngozi ya farasi ina mafuta yake yanayomkinga na mvua na baridi. Aoshwaye kwa sabuni kila siku huvuliwa mafuta hayo, akabaki mzuri wa kutazamwa na mnyonge wa kuishi.

Mahali pengine palikuwa na fikira tofauti. Katika Uajemi, zama za wafalme wa ukoo wa Qajar, farasi weupe wa mfalme walitiwa rangi nyekundu mikiani, nayo ilikuwa heshima ya kifalme. Doa lililotiwa kwa amri ya mfalme halikuitwa doa.

Sasa turudi kwa kikosi kile cha kwenye picha. Jina lake ni Royal Scots Greys, na hilo neno la mwisho lahusu rangi ya kijivu ya farasi wake. Kikosi kilianzishwa mwaka 1678, na kwa zaidi ya miaka mia mbili fahari yake ilikuwa ni rangi hiyo. Wakati wa Waterloo bunduki zilipiga karibu na kwa moshi mwingi. Farasi mweupe hakuwa katika hatari iliyo kubwa mno kuliko mweusi. Hata hivyo siku ile walikwenda mbali kupita kiasi, wakashambuliwa na wapanda farasi wa Kifaransa wenye mikuki, na farasi zaidi ya 200 kati ya 400 na kitu wakafa, kujeruhiwa au kupotea. Lady Butler hakulichora tukio hilo.

Mwaka 1899 kikosi hicho hicho kilipelekwa Afrika ya Kusini kupigana na Makaburu. Mambo yalikuwa yamebadilika. Makaburu walikuwa na bunduki za Mauser, ambazo baruti yake haikutoa moshi wa kumfichua mpigaji, na risasi yake iliweza kuua hata kutoka mita 1000 na zaidi. Katika nyika ile kavu, chini ya jua kali, farasi mweupe alionekana kama shuka iliyoanikwa. Waingereza walikuwa wamekwisha kuvua makoti yao mekundu na kuvaa kaki. Ikabidi farasi nao wavae kaki: walipakwa rangi.

Hebu fikiri, msomaji, juu ya askari yule. Jana alifokewa kwa sababu ya doa moja dogo gotini mwa farasi wake. Leo anapewa ndoo na kuambiwa amtie doa mwili mzima, na ahakikishe kwamba hakusaza mahali.

Jambo hilo lilirudiwa mwaka 1914, vita vikuu vya kwanza vilipoanza. Farasi wa Scots Greys walipakwa rangi ya hudhurungi iliyokolea, kwa sababu walikuwa shabaha rahisi, na kwa sababu adui akiona farasi weupe wengi pamoja alijua mara moja ni kikosi gani kilichofika. Katika jeshi la Uingereza farasi weupe wengi walipakwa pamanganeti ya potasiamu, chumvi ile ya zambarau ambayo wanafunzi wa kemia waijua. Maji yake ni ya zambarau, lakini yakikauka juu ya manyoya huacha rangi ya udongo. Rangi hiyo haikudumu. Manyoya hukua na kupukutika, jasho na mvua havina adabu, na weupe ukachungulia tena. Basi kazi ikaanza upya.

Katika vita hivyo lilitokea jambo ambalo Xenophon angalilielewa. Farasi walishikwa na upele, na ili wapate kusafishwa na kutiwa dawa, wengi walinyolewa manyoya wakati wa baridi. Mwezi wa Aprili mwaka 1917, karibu na Arras katika Ufaransa, theluji na mvua viliwakuta bila koti lao, hali wamechoka na wana njaa, wakafa kwa wingi. Walikuwa safi.

Katika vita vya Makaburu peke yake farasi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 300,000, na wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa njaa, uchovu na maradhi. Katika mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth, ambao leo ni Gqeberha, iko sanamu yao iliyozinduliwa mwaka 1905. Mchongaji hakumweka jemadari juu ya tandiko. Ameweka askari aliyepiga magoti, akimwinulia farasi ndoo ya maji. Kama yule msichana angaliniuliza swali lake leo, ningalimwonyesha sanamu hiyo kwanza.

Scots Greys waliwaacha farasi wao mwaka 1941, huko Palestina, wakapewa vifaru. Na vifaru vile vilipakwa rangi ya mchanga wa jangwa. Mwaka 1971 kikosi kiliunganishwa na kingine na jina la zamani likakoma. Lakini farasi weupe wangali wakioshwa kwa ajili ya fahari. Huko London wapiga tarumbeta wa jeshi linalomlinda mfalme hupanda farasi wa kijivu, hali wenzao hupanda weusi.

Tarehe 24 Aprili 2024 baadhi ya farasi wa jeshi hilo walishtuka waliposikia kishindo cha vifaa vya ujenzi vilivyoanguka, wakawatupa wapandaji wao na kukimbia ovyo katikati ya mji. Wawili walikimbia pamoja, mweusi aitwaye Quaker na mweupe aitwaye Vida. Wote wawili waliumia. Lakini damu ya Quaker haikuonekana sana, na ya Vida ilitapakaa kifuani na miguuni, nyekundu juu ya weupe uliotunzwa kila asubuhi; na picha hiyo ilienea duniani kote kwa saa chache. Baada ya kutibiwa, wote wawili walipelekwa kupumzika malishoni, mbali na mji. Huko hakuna gwaride, na farasi mweupe akifunguliwa malishoni hutafuta kwanza mahali penye tope, akalala chali, akagaagaa.