Maneno Pacha ya Kiingereza na Asili Yake



Kila ajifunzaye Kiingereza ameyaonja mashaka haya: huandika barua, akaisoma mara mbili, akaridhika nayo, kisha yule aliyeandikiwa akaitia mistari myekundu, kwa kuwa palipotakiwa "their" pameandikwa "there", na palipotakiwa "than" pamewekwa "then". Barua ya kuomba kazi yaweza kutupwa kwa sababu hiyo tu, na mwandishi wake akahesabiwa kuwa ni mzembe. Mimi siiafiki hukumu hiyo. Nitawaeleza habari za zamani za lugha hii, nanyi mtaona ya kuwa makosa hayo yana mizizi mirefu, na ya kuwa baadhi ya maneno hayo Waingereza wenyewe walikaa mamia ya miaka bila kuyatenga.

Kiingereza kililetwa kisiwani Britania katika karne ya 5 na makabila yaliyovuka bahari kutoka pande ambazo leo ni Ujerumani na Denmark. Baadaye, katika mwaka wa 865, likaja jeshi kubwa kutoka Denmark. Watu hao walianza kwa kupigana, kisha wakafanya makazi, wakalima, wakaoa. Lugha yao na lugha ya wenyeji zilikuwa ndugu, ila mara nyingi mahali wenyeji waliposema "sh" wageni walisema "sk". Vazi fupi ambalo jina lake kwa wenyeji ndilo lililokuwa "shirt", kwa wageni jina lake ndilo lililokuwa "skirt". Hapo kale lilikuwa neno moja. Siku zilipopita moja likawa la vazi la juu na la pili likawa la vazi la chini, nasi tukayapokea yote mawili, tukayafanya shati na sketi, wala wengi wetu tuyavaapo hatujui kuwa tunavaa pacha.

Neno "their" nalo lilitoka kwa wageni hao, ilhali "there" ni la wenyeji tangu mwanzo. Haya hayana udugu wa karibu. Yamekutana njiani tu, yakafanana sauti.

Katika mwaka wa 1066 Wanormani waliitwaa nchi, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa kwa muda mrefu. Ndiyo sababu ng'ombe akiwa zizini huitwa kwa neno la mkulima, "cow", na nyama yake ikiwa mezani huitwa kwa neno la bwana, "beef". Jambo hili hufundishwa sana shuleni, kwa hiyo silirefushi.

Lililo kubwa zaidi kwa ajili yetu ni habari za William Caxton. Mtu huyu alizaliwa Kent, akakaa miaka mingi katika biashara huko Bruges, kisha akarudi kwao, na mwaka wa 1476 akasimamisha mtambo wa kupiga chapa huko Westminster, nao ulikuwa wa kwanza katika Uingereza. Katika dibaji ya kitabu kimoja alichokichapa mwaka wa 1490 anasimulia kisa cha wafanya biashara waliokuwa chomboni katika mto Thames, wakienda Zeeland. Upepo uliwakosa, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja wao akaingia nyumbani mwa bibi mmoja akaomba mayai, akayaita "egges", kama walivyosema watu wa kaskazini waliolirithi neno hilo kwa wale wageni wa zamani. Bibi akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule mtu akaghadhibika, kwani naye Kifaransa hakukijua! Mwenzake akaomba "eyren", ndipo bibi akafahamu. Caxton anauliza: basi mtu aandike lipi?

Swali hilo wapiga chapa walilijibu kwa kazi ya mikono yao. Kidogo kidogo waliyafunga maneno katika herufi, na bahati mbaya waliyafunga wakati ambao matamshi yalikuwa yakigeuka. Neno "knight", maana yake askari mwungwana wa farasi, zamani lilitamkwa kwa "k" mwanzoni, na "gh" yake ilikuwa sauti iliyokaribia kha ya Kiarabu. Sauti hizo zimekufa. Herufi zake zimesalia kama makaburi, na sikio haliwezi tena kulipambanua neno hilo na "night", yaani usiku. Hali kadhalika "sea" na "see": hata katika siku za Shakespeare, aliyefariki mwaka wa 1616, wengi waliyatamka mbalimbali.

Sisi nasi tunalo jambo la namna hii, ila limegeuka juu chini. Mtu wa Mombasa amtajapo paa, mnyama wa mwituni, huitoa "p" kwa pumzi, na alitajapo paa la nyumba hana pumzi hiyo. Hapo kinywa hutenga na kalamu huchanganya. Kwa Mwingereza kalamu hutenga na kinywa huchanganya.

Namna ya pili ya pacha ni ya ajabu zaidi, maana haikutokana na maneno mawili yaliyokutana, bali na neno moja lililopasuliwa. "Then" na "than" yalikuwa neno moja, na hayakutengana barabara mpaka karibu na mwaka wa 1700. "Of" na "off" vile vile. "To" na "too" vile vile. Anayeyachanganya leo anaandika walivyoandika mababu wa Waingereza, na aliyemtilia mstari mwekundu huenda hana habari.

Tena yako maneno "flower", yaani ua, na "flour", yaani unga wa ngano. Unga ulio bora, uliochekechwa, uliitwa ua la nafaka, kwa kuwa ndio sehemu yake iliyo nzuri kupita zote. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa huko London mwaka wa 1755, yenye maneno zaidi ya 40,000, hakuyatenga haya mawili. Aliyeinunua kamusi hiyo, akitaka kujua habari za unga, ilimpasa kwenda kuutafuta penye ua.