Mlango wa Kazini na Mlango wa Nyumbani

Tuseme unataka kujua ni watu wangapi wenye kazi katika mji wako. Iko milango miwili ya kubisha hodi. Waweza kwenda kwa mwajiri ukamwuliza ameajiri watu wangapi. Waweza pia kwenda kwenye kaya, yaani kwa watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, ukauliza ni nani humo ndani anayefanya kazi. Utadhani majibu yatalingana. Hayalingani. Mwanamke afundishaye asubuhi na kuuza dukani jioni huhesabiwa mara mbili na waajiri wake, na mara moja tu nyumbani. Fundi cherehani anayejitegemea hayumo katika daftari la mwajiri yeyote, ilhali watu wa nyumbani kwake wanajua kwamba hulala akiwa amechoka.

Historia ya kuunganisha milango hii ina vituo vingi. Denmark ilifanya sensa ya mwaka 1981 kwa madaftari ya serikali peke yake, bila karani wa kupita nyumba kwa nyumba. Lakini huko kila mkazi alikuwa na nambari yake tangu mwaka 1968. Nimeichagua Marekani kwa sababu huko hapakuwa na daftari moja la wakazi wote, na kila hatua ilibidi itafutiwe njia.

Rudi nami katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Serikali haikujua wasio na kazi ni wangapi. Novemba 1937 watumishi wa posta walisambaza kadi nyumba kwa nyumba, na asiye na kazi akaombwa aijaze na kuirudisha kwa hiari. Zilirudi kadi za watu wapatao milioni 7.8. Kisha makarani wakatumwa katika maeneo machache ya mfano kuuliza mlangoni, na makadirio yakapanda hadi karibu milioni 11. Tofauti hiyo si ndogo! Kutokana na jitihada za miaka hiyo ulizaliwa, mwaka 1940, utafiti wa kaya wa kila mwezi ambao unaendelea hadi leo. Hesabu za waajiri nazo zilikuwa zikikusanywa kando, kila moja ikienda njia yake.

Mara nyingi hesabu hizo mbili husafiri pamoja. Lakini baada ya kuzorota kwa uchumi mwaka 2001 zilitofautiana vibaya: kaya zilionyesha kazi zikiongezeka, waajiri walionyesha zikipungua. Wanasiasa, kama ujuavyo, kila mmoja alichukua ile iliyomfaa.

Uzi wa kuziunganisha ulikuwa umekwisha kusokotwa zamani. Sheria ya Hifadhi ya Jamii, iliyotiwa saini na Rais Franklin Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935, ilileta mambo mawili: nambari ya hifadhi ya jamii kwa mfanyakazi, na bima ya ukosefu wa ajira inayosimamiwa na kila jimbo. Kwa ajili ya bima hiyo mwajiri hupeleka jimboni, kila robo mwaka, nambari na mshahara wa kila mfanyakazi wake. Ofisi ya Sensa, kwa upande wake, ina kumbukumbu za umri, jinsia na makazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanauchumi John Abowd, John Haltiwanger na Julia Lane waliongoza kazi ya kukutanisha kumbukumbu hizo. Majimbo hayakulazimishwa, yaliingia moja baada ya jingine kwa makubaliano.

Tatizo mojawapo lanifurahisha kulieleza. Kampuni yenye matawi 20 hutuma ripoti moja tu. Basi mfanyakazi huyu yuko tawi lipi? Katika majimbo yote ni Minnesota pekee iliyodai tawi liandikwe. Wataalamu wakajifunza kutoka Minnesota jinsi watu wanavyogawanyika kati ya matawi, hasa kwa umbali wa nyumba na kazi, kisha wakakadiria kwingineko. Unaposoma takwimu hizo, kumbuka kwamba sehemu yake imehesabiwa na sehemu imekadiriwa kwa akili.

Faida yake ni kuona mwendo. Tuseme kiwanda kilikuwa na watu 100 mwaka jana, na mwaka huu kina 100. Hesabu ya kale ingesema hakuna kilichobadilika. Kumbukumbu zilizounganishwa huonyesha kwamba 30 waliondoka na 30 wengine wakaingia. Huonyesha pia kama walioondoka walipata kazi kwingine na kwa mshahara gani.

Lakini sisi wa Afrika ya Mashariki tunalo neno linalotufanya tusite: kipande. Katika Kenya ya kikoloni, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba cheti chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kikebe kilichoning'inizwa shingoni. Hapo pia mwajiri na mwajiriwa waliunganishwa kwa karatasi, na lengo lilikuwa kumnasa aliyetoroka kazi.

Marekani nayo ina jeraha lake. Mwaka 1942, Wamarekani wa asili ya Japani na wazazi wao wahamiaji, wapatao 120,000, walipohamishwa kwa nguvu na kuwekwa kambini, Ofisi ya Sensa ilitoa hesabu zilizoonyesha mitaa waliyoishi. Mwaka 2000 mkurugenzi wa ofisi hiyo, Kenneth Prewitt, aliomba radhi hadharani.

Ndiyo maana leo nambari ya hifadhi ya jamii huondolewa na mahali pake huwekwa alama ya siri kabla mtafiti hajaiona kumbukumbu. Watumishi huapa kutunza siri maisha yao yote, na anayeivunja aweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini hadi dola 250,000. Aidha, ramani ya makazi na kazi iliyotolewa kwa umma tangu mwaka 2006 haionyeshi nyumba halisi za wafanyakazi. Makazi yamechanganywa kwa makusudi kwa njia ya hisabati, hivi kwamba mtaa mzima husomeka vizuri, lakini ukimtafuta jirani yako fulani, nukta unayoiona si yake.