Maji ya Songea

Katika Songea, neno maji lina historia nzito. Mwaka 1905 Wangoni waliipokea dawa ya maji, wakiaminishwa kwamba ingezishinda risasi za Wajerumani. Mwaka 1906 viongozi wao walinyongwa, akiwamo Nduna Songea Mbano, aliyeuachia mji jina lake. Zaidi ya karne moja baadaye, mji huohuo uliyategemea maji tena, mara hii kwa kutafuta mwanga.

Kwa miaka mingi Songea ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Umeme wake ulizalishwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO, na mafuta yakiletwa kwa malori kutoka pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Kila taa iliyowashwa ilikuwa na deni barabarani. Ilhali Mto Ruvuma ulipita jirani, ukishuka maporomoko yake bila ya kutumwa kazi.

Walioutuma kazi ni watawa wa kike, Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole. Mwaka 2015 mitambo yao ya Tulila, yenye uwezo wa megawati 5, ilianza kuiuzia TANESCO umeme. Maji huelekezwa kwenye mashine, huizungusha, kisha hurejea mtoni; hapana kinachoteketezwa.

Mwaka 2018 njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, iliiunganisha Songea na gridi. Yupo atakayeuliza: Tulila ya nini tena, na hali Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji lina megawati 2,115? Jibu ni kwamba gridi haikuufuta umeme wa mto mdogo, bali iliufungulia njia ya kufika mbali. Tena mkubwa na mdogo wote wawili humngojea mwenye mvua.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ruvuma huanzia milima ya Matogoro, inayoonekana kutoka mjini Songea. Mashine ikiharibika, fundi ataitengeneza; chemchemi ikikauka, hapana fundi wake. Teknolojia idumuyo, basi, haianzii kwenye mtambo, huanzia msituni. Tumezoea kulipia nguzo, waya na mita. Ni haki sehemu ya bei hiyo iwarejee wanaoutunza msitu wa Matogoro, kwani anayeilinda chemchemi naye ni mzalishaji wa umeme.